Mkunga Aliyekataa Kukanyaga Ndizi Mbichi

"Hicho kikombe hakinyweki, Mama!"

"Mwanangu, usinifundishe kuzaa. Nimezaa saba, wote kwa majani haya."

Saa mbili asubuhi, Nshamba, wilayani Muleba. Uani kwa Consolata Byabato majirani wameshajaa. Mwenye jembe kaliweka chini, mwenye ndoo kaitua. Consolata kashika dawa ya majani ya kuharakisha uchungu. Mkamwana wake, Violeth, mimba yake ya kwanza imepitiliza siku nne. Katikati yao kasimama Alistidia Kagaruki, mkunga wa zahanati, jirani wa nyumba ya tatu, bado na kandambili zake.

"Mama, ndizi za kukamulia pombe yako ya rubisi unazikanyaga mbichi?"

"Nina wazimu? Mpaka ziive."

"Basi na mlango wa kizazi huiva. Ukimlazimisha uchungu mlango ungali mgumu, kizazi kinaweza kupasuka. Utamkosa yeye na mjukuu."

Jirani mmoja anaangua kicheko: "Leo Consolata kabanwa kwa pombe yake mwenyewe!"

Alistidia, miaka 47, yuko kazini mwaka wa 21. Anasema jambo hilo lilimkaa vizuri akilini kwenye semina Bukoba mjini, walipofundishwa kuhusu nitriki oksaidi, gesi ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Wakati wa ujauzito husaidia misuli ya kizazi itulie. Siku zikiwadia, inaonekana hupungua kwenye misuli na kuongezeka mlangoni, ikisaidia kuulainisha.

"Wataalamu bado wanaichunguza," anasema. "Lakini nilitoka pale nacheka. Kumbe mwili nao una mtu wa kuivisha ndizi!"

Kicheko hicho kina kidonda chake. Mwaka wake wa pili kazini aliletewa mama aliyenyweshwa majani ya namna ile. Alishindwa kumwokoa.

"Tangu hapo nagombana na wakwe hadharani. Wananiita Mdomo. Sawa tu."

Asubuhi ile kikombe kilimwagwa migombani, lakini Alistidia aliondoka bila kupewa akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo Mhaya hamnyimi mgeni. Badala yake alipewa maneno: "Likitokea la kutokea, ni wewe."

Violeth alipimwa, akapelekwa kituo cha afya akaangaliwe kwa karibu. Siku mbili nzima Alistidia hakupitia njia ya kwa Consolata. Jioni ya pili uchungu ukaja wenyewe, mlango ukiwa tayari. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na sauti ya kuitisha mkutano!

Sasa Alistidia anataka kuanzisha darasa la wakwe kila Ijumaa. "Wajawazito wananielewa. Nawataka wenye vikombe."

Jumamosi mchana anapita njia ile ile. Consolata anamwita kijiji kizima kisikie, mkononi kikapu kidogo cha akamwani.

"We Mdomo! Darasa lako linaanza lini? Habari ya ndizi nitawafundisha mimi, wewe hata kukanyaga hujui."

Alistidia anachota punje mbili, anacheka mpaka machozi.

"Umesimama nini njiani kama mgeni?" anasema Consolata. "Chakula kimeshaepuliwa. Ingia ule."