Jezi ya Mwewe na Sifuri Iliyozidi

Kila mchezaji aliyewahi kukimbia kwa jina la klabu ile ya mpira wa kikapu alikimbia akiwa amebeba kazi ya Fundi mgongoni. Ni yeye aliyekata namba, akazipanga kwenye jezi, akazizungushia mshono mara mbili, kiasi kwamba mpinzani akivuta kwa hasira, jezi ilichanika lakini namba ilibaki. Na jezi zilichanika kweli. Klabu ilikuwa na hela ya kocha, ya daktari wa magoti na ya mpiga tarumbeta, ila hela ya jezi za maana ilikuwa haipatikani, miaka nenda rudi.

Chumba chake kilikuwa chini ya majukwaa ya ukumbi, pembeni ya choo cha waamuzi. Hakikuwa na dirisha. Mashabiki wakiruka, vumbi lilimwagika kutoka darini hadi juu ya cherehani, na hivyo ndivyo Fundi alivyofuatilia mechi. Vumbi jingi, tunashinda. Cherehani ikibaki safi, basi mambo huko juu ni mabaya.

Mume alimpata humo humo. Kijana mrefu aliingia ameinama, jezi imepasuka begani.

"Fundi, fanya chapchap, robo ya tatu inaanza."

"Ivue."

"Sina muda wa kuvua."

"Basi nakushona na ngozi yako."

Akaivua. Tangu siku hiyo jezi yake ikawa inachanika kila wiki, hata wiki ambazo timu haikuwa na mechi. Wenzake walimwita Mwewe, kwa jinsi alivyoudaka mpira juu ya vichwa vya watu, na Fundi naye akamwita hivyo hivyo, hata baada ya ndoa.

Mwewe hakuwa mchezaji wa kubabaisha. Ligi ya kulipwa ilimtangaza mfungaji bora msimu mmoja, ukafuata mwingine, mpaka waandishi wa michezo wakachoka kutafuta vichwa vya habari. Aliipa klabu ubingwa wake wa kwanza, akaipa na wa pili. Fainali moja aliicheza kidole kimevunjika, kimefungwa na kipande cha kitambaa alichokichana Fundi kwenye pindo la sketi yake. Jumla ya pointi zake hakuna aliyeifikia, wala hakuna aliyeikaribia. Nyumbani, mfungaji bora alilala kitanda kilichoongezewa benchi miguuni, na juu ya mlango kulipigiliwa kipande cha sponji, kwa sababu paji lake la uso lilikuwa limechoka kukutana na ule ubao.

Klabu ilikuwa na desturi yake. Mchezaji aliyefanya makubwa akistaafu, jezi yake inapandishwa kwa kamba hadi darini, inaning'inia huko, na namba yake haivaliwi tena na mtu. Mwewe hakuwahi kuomba sanamu wala barabara. Aliomba hiyo tu.

"Siku miguu ikikataa, waitundike saba yangu," alimwambia mkewe. "Mengine watajua wenyewe."

Mwenyekiti wa klabu alikula kiapo mbele ya watu kwamba saba itatundikwa. Mwenyekiti huyu naye aliwahi kuwa mchezaji, wa akiba. Alilifahamu benchi kuliko seremala aliyelichonga. Alipopata cheo, jezi ya kwanza kupandishwa darini ilikuwa yake. Ikafuata ya mtunza hazina. Ikafuata ya daktari wa magoti, ya mpiga tarumbeta, na ya waziri mmoja aliyekuja kuzindua choo. Namba zikaanza kuadimika. Chipukizi waliosajiliwa walivaa themanini na nane, tisini na moja, wakawa wanafanana na vyumba vya hoteli vinavyokimbizana. Dari ikajaa, ukiingia ukumbini unadhani kuna mtu kaanika nguo za ukoo mzima.

Kisha Mwewe akaanguka. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akainama, hakuinuka. Kiharusi. Kikamchukua upande wa kulia na karibu maneno yote, kikamwachia mkono wa kushoto, macho, na maneno machache: maji, baridi, bado.

Kwenye korido ya hospitali, Fundi aliingiwa na kitu alichokosa jina lake. Hakikuwa huzuni, maana huzuni ina kelele zake. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, tofauti ni kwamba ukiunyoosha hauchomichomi. Ndugu walilia, yeye akawashikia mikoba. Daktari alimweleza mambo mazito, yeye akawa anatazama kifungo cha koti lake, kwamba kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Wiki ileile Mwenyekiti alishuka chumbani kwake na kitambaa kipya.

"Shemeji, pole sana na mgonjwa. Tuko pamoja. Kuna kazi ndogo hapa."

Kazi yenyewe ilikuwa jezi ya mdhamini. Huyu aliuza magodoro, na katika maisha yake hajawahi kugusa mpira isipokuwa kuuketia. Alitaka jezi yake ipande darini, na alitaka namba saba, kwa sababu kwao yeye ni mtoto wa saba.

Fundi aliisikia hiyo saba. Akaikata, akaishona mara mbili, akaipiga pasi, akaikunja. Hakuuliza chochote. Mwenyekiti aliyekuja na maelezo yake tayari akabaki nayo mdomoni, akapanda ngazi bila kuyatumia.

Wifi yake, dada wa Mwewe, alipopata habari alifika nyumbani na mdomo wake wote.

"Yaani umemshonea muuza magodoro saba ya kaka yangu? Kwa mkono wako?"

"Nilipewa kazi."

"Ungepewa kazi ya kushona sanda yangu nikiwa mzima?"

"Ningekupima kwanza."

Wifi akataka kucheka, akakumbuka amekuja kugomba. "Wewe ndani una moyo kweli, au wamekujaza pamba?"

Fundi alifikiri kama mtu aliyeulizwa saa. "Sijui, wifi. Nisaidie kumgeuza."

Wakamgeuza Mwewe ubavu wa pili, maana alikuwa mrefu na kumgeuza kulihitaji watu wawili. Macho yake yalikuwa wazi.

Ilipita kitambo, magazeti yakaanza kuuliza. Ya Mwewe iko wapi? Mbona mpiga tarumbeta yuko juu na mfungaji bora hayupo? Mwenyekiti akashuka tena ngazi, safari hii akitabasamu kwa meno mengi.

"Shemeji, siku imefika! Tunamtundika jamaa yetu. Wageni, kamera, kila kitu."

"Na saba?"

"Ndiyo, hapo sasa." Akavuta kigoda, akakaa, akainuka. "Saba ina mwenyewe. Saba mbili darini, watu watauliza maswali. Kamati imekaa, imekuna vichwa. Tumeamua tumwongezee sifuri."

"Sifuri."

"Awe sabini! Ukiitazama vizuri, ni mara kumi zaidi. Hata mdhamini hajapata heshima hiyo. Wewe shona saba yako kama kawaida, halafu weka kisifuri hapo pembeni. Sifuri ina uzito gani?"

Fundi akachukua chaki, akachora sifuri.

Usiku wa kuamkia sherehe haukuwa na jambo. Alfajiri akamwogesha Mwewe, akamnyoa, akamvisha suruali aliyoirefusha mwenyewe. Wifi alikuja kusaidia, akaiona jezi mezani.

"Si ungeishikiza hiyo sifuri kwa mshono wa muda tu? Ikipanda juu, idondoke mbele ya kadamnasi!"

"Sijui kushona vibaya."

"Leo tu!"

"Nilijaribu," Fundi alisema. "Mkono ulikataa."

Ukumbi mchana ule ulijaa. Viti vya mbele vilifungwa utepe, mdhamini akakaa katikati na mkewe, Fundi na wifi yake wakapewa viti vya nyuma yao. Mwewe aliwekwa katikati ya uwanja kwenye kiti cha magurudumu, magoti yake yakiwa juu karibu na kifua. Mbele yake jezi ilitandazwa juu ya meza, imefungwa kwenye fito, na kamba ikapanda hadi kwenye kapi darini na kushuka mpaka mkononi mwake wa kushoto.

Mshereheshaji akazisoma sifa. Mfungaji bora wa ligi! Bingwa! Kidole kilichovunjika! Watu wakapiga makofi, na safari hii yalikuwa makofi ya haki. Mwenyekiti akainama kwenye sikio la Mwewe. "Vuta, mzee."

Mwewe hakuvuta. Alikuwa anaitazama jezi. Aliitazama saba, macho yakasogea, yakafika kwenye sifuri, yakakaa hapo.

"Bado," akasema.

"Anasema bado anataka kucheza!" Mwenyekiti akatangaza kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukalipuka. Watu walifuta machozi. Mwenyekiti akaushika ule mkono wa kushoto auvute yeye. Lakini ule ulikuwa mkono uliowahi kuushika mpira mmoja huku wanaume watatu wakiung'ang'ania. Haukuvuta, na kamba haukuiachia.

"Bado," Mwewe akarudia. Safari hii hakuna aliyeshangilia, maana shingo ilikuwa imemvimba.

Fundi aliangalia kama kuna mtu atakayefanya kitu. Akaona mwanamke amesimama, anapita mbele ya magoti ya mke wa mdhamini, anaomba radhi, anaingia uwanjani. Alifika mezani ndipo akatambua ni yeye. Akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akapiga magoti, akaanza kufumua sifuri.

Ilichukua muda. Laiti angeishona vibaya! Uzi ulikuwa mzuri, mshono umekaza, tena mara mbili. Alikata uzi mmoja, akavuta, akakata mwingine, vilevile kama chini ya majukwaa. Mshereheshaji, aliyeogopa ukimya kuliko njaa, akazisoma sifa upya. Zikaisha. Akaanza kupiga chuku. Kumbe Mwewe alikuwa pia mtu wa watu. Kumbe aliwahi kucheza mechi mbili kwa siku moja katika miji miwili. Kumbe aliwahi kuufunga mpira akiwa amelala.

"Shemeji, unafanya nini?" Mwenyekiti alinong'ona huku akitabasamu upande wa kamera.

"Nafumua."

"Mbele ya wageni?"

"Kuna mwanga mzuri hapa."

"Utamwaga unga. Nakwambia kweli, utamwaga unga leo hii."

"Shika hapa, kitambaa kisivutike."

Na Mwenyekiti, mwenye suti, akashika. Alikuwa ametumikia benchi miaka mingi, akiambiwa shika taulo anashika, shika chupa anashika. Vidole vyake vilitii kabla kichwa hakijapiga kura. Akachuchumaa hapo, wamepakana mabega, kamera zikiwaka, hadi uzi wa mwisho ulipotoka.

Sifuri ikabaki mkononi mwa Fundi. Kwenye jezi kulibaki duara la vitundu vidogo ambavyo mtu wa safu ya tatu asingeviona. Fundi akaenda nyuma ya kiti cha mumewe.

"Angalia sasa."

Mwewe akaangalia. Kisha akavuta, mkono mmoja, pumzi zikimtoka puani, hadi fito ikagonga kapi. Saba mbili zikaning'inia darini pamoja, na mdhamini, kwa sauti iliyosikika hadi jukwaa la mwisho, akauliza, "Sasa mimi ni nani?"

Mwenyekiti alipita karibu na Fundi akijipangusa magoti. "Jumatatu nataka ufunguo wa kile chumba."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Vumbi ni jingi mle. Mwambie atakayekuja afunike mashine."

Wageni wakaenda kula. Wifi akaja mbio, uso umelowa, akamkumbatia Fundi, akamtikisa. "Wifi! Umeona? Wewe! Niambie, ndani kukoje? Unajisikiaje?"

Fundi alijitafuta kwa uaminifu, kona baada ya kona, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko yote. Alikuta magoti yanauma na kiu kidogo.

"Hamna kitu, wifi."

"Hata kidogo?"

"Magoti."

Wakataka kumsukuma Mwewe watoke, lakini alikuwa ameushika mpini wa breki kwa mkono wake wa kushoto, shingo ameilaza nyuma, macho darini. Basi wakakaa. Wafanyakazi walikusanya viti, wakavingirisha utepe. Mfagiaji akaja na ufagio wake mrefu, akawafikia.

"Samahani, mama, miguu."

Fundi akainama, akainua mguu wa kulia wa Mwewe, ufagio ukapita. Akauweka chini, akainua wa kushoto. Kisha akakaa, akainua ya kwake.