Mtu wa Stima Aenda Kuposa Malinya

Jumamosi asubuhi niliondoka Shieywe kwenda Malinya kwa sababu moja: kumwomba Mzee Mukabane anipe binti yake, Joyce. Nilikuwa na woga zaidi kuliko siku ya mtihani, kwa kuwa nilijua nitaulizwa kazi yangu. Mimi huunda kwenye kompyuta, huko chuoni, mfano wa safari ya elektroni na protoni ndani ya jani. Jua likipiga, elektroni hupokezanwa kutoka molekuli moja hadi nyingine, protoni hurundikana upande mmoja wa utando, na zikirudi huzungusha kinu kidogo kinachoupa mmea nguvu. Ni kazi tamu. Shida ni kuieleza ukweni.

Njiani nilimfundisha baba mdogo. Yeye ndiye msemaji wetu, maana kwetu anayeposa hafungui mdomo mpaka aulizwe.

“Hiyo elektroni si ndiyo stima, huu umeme wa nyumbani?” akauliza.

“Kwa namna fulani, ndiyo.”

“Basi niachie. Nimeelewa.”

Malinya tulikuta sebule imejaa, televisheni imezimika chini ya kitambaa chake. Baba mdogo akasimama, akakohoa. “Kijana wetu ni mtu wa stima!”

Watu walipiga makofi ambayo sijawahi kupigiwa chuoni. Kumbe kijiji kilikuwa gizani wiki nzima. Joyce, mlangoni mwa jikoni, akajifunika uso kwa leso.

“Karibu sana,” Mzee akasema. “Hapa stima inapoteanga, tukipiga simu wanatwambianga wako njiani. Wewe unafanyanga upande gani?”

“Upande wa majani, mzee. Stima iliyo ndani ya majani.”

Akamgeukia jirani yake. “Si nilikwambia hiyo mikaratusi yako inagusanga waya?”

Jirani akakana. Nikajaribu kueleza protoni, lakini ubishi wa mikaratusi ukanimeza.

Adhuhuri ikaletwa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu. Mzee alikuwa ameshika firigisi, ile ambayo ni ya mwenye boma peke yake, taa ilipowaka ghafla na televisheni ikapayuka chini ya kitambaa. Mama mkwe akapiga vigelegele.

“Mzee, si mimi,” nikasema.

“Na kujivuna hajui!” Mzee akakata firigisi katikati, nusu akaniwekea kwenye sahani. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikala. Kufikia chai, siku ya harusi ilikuwa imepangwa.

Jioni tulirudi Shieywe, baba mdogo akiimba njia nzima. Nami nilijawa na furaha, kwa kuwa Joyce nampenda kweli. Sijavua viatu, simu ikalia. Alikuwa Mzee Mukabane.

“Mtu wa stima, imepotea tena. Harusi iko. Lakini iko na stima; bila stima haiko.”

Safari hiyo ilinifunza kwamba elimu yangu ina mwisho, na mwisho wake uko kwenye nguzo ya umeme. Jumatatu nikajipanga foleni katika ofisi ya stima mjini, kuripoti giza la Malinya.

“Wewe ni nani huko Malinya?” akauliza karani aliyepita kwenye foleni akiandika shida za watu. “Mwenye nyumba? Fundi?”

“Hapana,” nikasema. “Mimi ni mkwe.”

Akaacha kalamu, akanitazama kwa huruma, akanipeleka mbele ya foleni.