Windows Mpya kwa Laptopu ya Marehemu

Fundi kompyuta wa kijijini Kimuli hasemi mashine imekufa, husema imechoka. Kabla ya kugusa kitufe hupuliza vumbi la kahawa, kisha huweka kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa. Mwalimu Deodatha alimletea laptopu ya marehemu mumewe, kwani programu ya shule ilikuwa imegoma kuingia.

“Imechoka, mwalimu. Windows hii ni ya zamani mno. Sharti nifute vyote, niweke mpya.”

Kufuta hufuta huku akipiga mluzi. Leo mluzi ulikatika. Akainama, akauliza kwa Kinyambo, lugha ya kwao wote wawili, taratibu, kama azihamishie picha zilizomo kwenye flashi kwanza. Deodatha akajua fundi ameziona zile za mumewe akiwa wodini.

“Futa zote, fundi,” akamjibu kwa Kiswahili.