Upepo Ulioninyang'anya Leso Mbele ya Mkwe

Mwaka ule unga wa mahindi ulikuwa ghali mpaka sote tukala ugali wa muhogo, mweusi kama udongo, na omena, dagaa wa ziwani, asubuhi na jioni, na ndio mwaka ambao mimi, nyanya mzima wa wajukuu tisa, nilibaki na petikoti mbele ya mkwe wangu. Aibu ni yangu, acha niiseme mwenyewe kabla majirani hawajaitia chumvi.

Nilikuwa ufuoni nimeanika omena kwenye turubai, za kupeleka soko la Otonglo kesho yake, gauni nimelivua lisinuke samaki, nimejifunga leso tu. Mjukuu wangu Achieng', miaka minne, nilimkalisha kwenye pembe ya turubai ya upande wa ziwa awe jiwe la kulikandamiza (mawe yalikuwa hatua kumi tu, uvivu wangu huo), maana upepo wa mchana kila siku hutoka majini, miaka arobaini naanika na haujawahi kunidanganya.

Binti yangu Akoth akaja na mumewe kumchukua mtoto wao. Mume akasimama mbali, macho chini, kama inavyompasa mtu aliyekuja kwa mama mkwe. Akoth ndiye aliyeona wingu.

"Mama, achana na hiyo omena! Twende ndani!"

"Siachi. Upepo huu naujua mimi."

Basi upepo ukanyamaza. Nikainua kichwa, kwa sababu upepo wa ziwa haunyamazi saa nane. Kisha ukaja kutoka nyuma, kutoka milimani, ukaingia chini ya turubai, ukalikunja juu ya mtoto, omena zikaruka kama nzige, na mzigo ule ukaanza kubiringika kwenda majini, sauti ya mjukuu wangu ikitoka ndani, "Dani! Dani!" (ndivyo anavyoniita). Nikakimbia. Nikakanyaga leso, upepo ukaichukua, nikaanguka kifudifudi na petikoti yangu yenye kiraka cha mfuko wa unga.

Mkwe alikuwa anakuja mbio, mbio kweli, lakini aliponiona vile akasimama kama amegonga ukuta, akageuka, akafunika uso kwa mikono. Heshima! Na turubai limeshagusa maji!

"Wewe Odhiambo! Fungua macho! Nitazame ukitaka, lakini shika mtoto!"

Akaniruka. Mkwe wangu aliniruka mimi kama mtaro, akaingia maji mpaka kifuani, akavuta. Achieng' alitoka rangi ya majivu, hapumui, sijui kwa muda gani, kisha akatapika maji akalia, nami nikalia kumshinda, bado na petikoti.

Jumapili walikuja tena. Mkwe haniangalii (wala mimi simwangalii). Leso sasa naifunga na pini mbili. Upepo wa mchana ukaanza kutoka ziwani, mpole kabisa, na Akoth akasema, "Mama, mwachilie mtoto basi, akacheze na wenzake."

Nikamkaza Achieng' mapajani.

"Siachi. Upepo huu naujua mimi."