Giciaro Hanyimwi

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Alhamisi. Najua ilikuwa Alhamisi kwa sababu ndiyo siku ya akina mama kanisani, nami nilikuwa natoka huko na furaha yangu ya kijinga. Kaa hapo kwenye kigoda. Zima hiyo simu. Wewe una haraka, mimi sina, na leo utakwenda kwa mwendo wangu.

Ulikuwa mwaka ule mvua ilikataa mara mbili, mwaka wa mahindi ya njano ya serikali. Huku kwetu juu, ukipanda kutoka Nkubu, njaa ilibisha hodi lakini haikuingia ndani. Mto haukukauka, nduma zilikuwako kando ya maji, migomba ilisimama. Baba yako alikuwa mwalimu upande wa Embu, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo stoo ilikuwa mkononi mwangu. Ndani yake kulikuwa na magunia manne ya mahindi meupe. Matatu kati ya hayo nilikuwa nimeyashona midomo kwa uzi mwekundu, nikayaweka kando. Hayo yalikuwa ya Jumapili ya mavuno.

Jumapili ya mavuno unaijua, ingawa siku hizi mmeitia vipaza sauti. Wakati wetu kulikuwa na mzee wa kanisa mwenye koo zuri. Anasoma jina lako, anasoma ulicholeta, unasimama, akina mama wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeokoka mwaka mmoja tu, na wokovu ulikuwa bado mpya kama viatu vya Krismasi, nilitaka kila mtu auone. Nilijua hakuna mtu mtaani kwetu atakayeleta magunia matatu katika mwaka wa njaa. Nilikuwa nimekwisha kujaribu kitambaa cha kichwa mbele ya kioo. Nakuambia hata hilo la kitambaa, usije ukafikiri nilikuwa na nia njema iliyopotea njia.

Basi nafika nyumbani, nakuta mwanamke ameketi kwenye kivuli cha stoo, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mapajani mwake amelala mtoto wa kike wa miaka minne hivi. Akaniambia anaitwa Kagendo na mtoto ni Nkatha, wametoka Tharaka, wametembea siku mbili. Akataja ukoo wa mume wake. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Kwenu sisi ni giciaro."

Nyinyi wa siku hizi mnalisikia neno hilo kwenye hotuba za harusi tu, mnacheka. Giciaro ni undugu wa kiapo. Zamani koo mbili ziliapa kuwa mtu wa ukoo huu akiwa na shida, mlango wa ukoo ule ni wake. Akiomba hanyimwi. Akilala kwako amelala kwao. Na ukimnyima, ukajua unamnyima, laana yake haina dawa. Ukoo wa baba yako na ukoo wa mume wa Kagendo zilikuwa zimefungwa hivyo tangu kabla ya mzungu.

"Sikuombi chakula changu," akasema Kagendo. "Mimi nitarudi, nimeacha wengine nyumbani. Nakuomba ukae na huyu mpaka mvua inyeshe. Halii ovyo, na anakula kidogo."

Anakula kidogo. Sikiza maneno ambayo mama analazimika kusema juu ya mtoto wake. Wewe ulikuwa na miaka minne vilevile, mwanangu. Ulikuwa ndani, umeshiba, umelala. Jambo lililotakiwa kwangu lilikuwa kuweka sahani ya pili kando ya yako.

Nikamjibu kwa sauti ya mahubiri. "Mambo ya giciaro tuliyaacha, dada. Mimi nimeokoka. Undugu wangu sasa ni wa damu ya Yesu."

Mhubiri mmoja wa uamsho alikuwa ametuambia tuache viapo vya kale, na sikatai, huenda alikuwa na maana yake njema. Mimi nilichukua neno lake nikalifanya kufuli la stoo. Mchoyo wa kawaida unaweza kumwonea haya jirani. Lakini mchoyo aliyepata dini ya kujifunika haoni haya hata kidogo, anajiona mtakatifu.

Nikampa Kagendo kikombe cha uji, nikampa mtoto ndizi mbili. Nikaeleza kwamba vyakula vya mavuno vitagawiwa na kamati baada ya Jumapili, hivyo aende kwa mchungaji wa kwao aandikiwe barua. Halafu, na hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze, nikaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto nikawaombea safari njema. Maombi marefu. Kichwa kilikuwa cha moto. Niliusikia ule moto kwenye kiganja changu, nikaendelea kuomba.

Nilipofumbua macho, Kagendo alikuwa ananitazama. Yeye hakuwa amefumba yake. Akatazama mlango wa stoo, ulikuwa wazi, na uzi mwekundu ulionekana kutoka pale alipokuwa. Nikangoja anilaani, maana laana nilikuwa bado naiogopa, wokovu wangu ulikuwa haujafika huko. Hakunilaani. Alimfunga mtoto mgongoni akasema, "Mbaki salama," akateremka.

Nyanya yako, mama yake baba yako, alirudi jioni na mzigo wa majani ya ng'ombe. Yeye hakuwahi kubatizwa. Tulimwombea miaka yote tukimhurumia kwa giza lake. Akaona maganda ya ndizi, akauliza nani alikuja. Nikamsimulia kila kitu, tena nikijisifu, kwamba nimesimama imara. Akatua mzigo chini.

"Ulimwambia hapana?"

"Nilimwambia tumeokoka, mama."

"Wokovu sijakuuliza. Giciaro hanyimwi. Hivi huyo Mungu wako ana mkono mfupi kuliko kiapo cha babu zetu?" Nikainama kuokota maganda. Akasema, "Chukua gunia moja, uazime punda kwa jirani, uwafuate sasa hivi. Na mtoto mgonjwa mgongoni hajafika mbali. Mlete hapa."

Sikwenda, mwanangu. Hilo ndilo kosa lenyewe, wala si lile la mchana. La mchana ungeweza kuliita upumbavu. Lakini jioni nilikuwa nimeambiwa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilipiga hesabu moyoni kwamba nikitoa gunia moja yatabaki mawili, na mawili hata mke wa mwenye duka angeleta. Nikasema nitakwenda baada ya Jumapili.

Jumapili nikasimama. Jina likasomwa, magunia matatu, vigelegele. Jua lilikuwa utosini, watu wanapepea kwa vitabu vya nyimbo, mchungaji akasema Mungu humpenda anayetoa kwa moyo wa furaha. Na kweli nilikuwa na furaha.

Jumanne nikapata lifti kwenye lori la wanunuzi wa mbuzi, nina debe mbili za mahindi kutoka lile gunia lililobaki. Niliuliza njia mpaka nikafika. Kagendo alikuwa anafagia uwanja. Nilitafuta mtoto kwa macho, sikumwona. Nikauliza, Nkatha yuko wapi?

"Tulimzika jana," akasema. "Alikwenda Jumapili, jua likiwa hapa." Akanyoosha kidole juu ya kichwa chake.

Sikulia. Ningelia ingekuwa ni kumwomba anibembeleze. Nilitua debe zangu, nikasimama tu. Angenifukuza ningemshukuru, angenipiga ningemshukuru zaidi. Kagendo aliingia ndani akatoka na kibuyu. Maji yenyewe walikuwa wanayafuata tangu alfajiri, wanachimba mchanga wa mto kwa mikono. Akamimina akanipa. "Kunywa," akasema. "Giciaro haondoki kwangu na kiu."

Nikayanywa. Mpaka leo sijui niliyamezaje.

Mchungaji nilimweleza, akaniambia nimesamehewa. Huenda. Msamaha wa Mungu ni wake, hagombani na mtu. Lakini Nkatha hakuulizwa. Katika njaa zilizofuata nimelea watoto wa watu, wawili unawajua, unawaita dada zako, na sijutii hata kijiko. Nilidhani nitafika siku mzigo upungue. Haukupungua. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimekuwa nikizoa kwa viganja miaka yote hii.

Nyanya yako hakunisema tena. Ila alipokuwa kitandani mara ya mwisho, akatuita wote apate kututemea mate ya baraka kiganjani, kama wazee wetu wanavyowaaga watu wao. Aliwatemea wanawe, akawatemea wajukuu, akakutemea wewe. Ilipofika zamu yangu nikanyoosha mkono. Aliutazama, ule ule uliohisi moto wa kichwa cha mtoto, akafunga mdomo.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita. Juzi nilikuwa kwenye bustani yako, nikamsikia mlinzi akizungumza na mwanamke nje ya geti. Alikuwa na mtoto mgongoni. Mlinzi alisema mwenye nyumba ameagiza wenye shida wote waende kwa kamati ya kanisa. Na Jumapili hii, nasikia, unapeleka mabati ya paa zima, na jina lako litachorwa ukutani.

Peleka mabati. Sikuzuii, nyumba ya Mungu isivuje. Lakini, mwanangu, Bwana hakai kwenye orodha ya kamati. Yeye huja kwa miguu, ana vumbi, anakuja siku ambayo hukupanga, na anaomba kile hasa ulichokiwekea uzi mwekundu. Mali uliyopewa ni ya huyo. Ukimwona, mpe kwanza, maombi yafuate. Usimtume kwa mwingine ikiwa una kitu mkononi. Usingoje Jumapili. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mimi nilikuwa na utajiri wa magunia manne nikakosa moyo wa sahani moja.

Najua hutanisikia. Nakuona unavyoitazama saa. Mimi pia niliambiwa jioni ile na mtu mzima mwenye akili, na kesho yake nilikuwa napiga pasi kitambaa. Labda watu hatujifunzi mpaka tuzike, na hata hapo anayezikwa ni mtoto wa mwingine. Lakini sitaki kwenda bila kusema.

Lete kiganja. Wachungaji wako hawapendi mambo haya, wavumilie. Mungu wa mlima, na wa wale wa chini ya mlima, akupe mvua kwa wakati wake. Akupe mlango mwepesi kufunguka. Akikuletea mtoto wa mtu, akukute nyumbani. Sijui kama mate ya mtu ambaye hakutemewa yana baraka ndani yake. Ndiyo niliyo nayo. Pokea, kisha uende ukamtafute yule mama kabla jua halijafika utosini.