Sauti ya Kwanza Nje ya Soko

Watu wa mji wa Farai hawakwenda mbali kutafuta neno la mungu. Lilikuwa hapo hapo sokoni, kwa sanamu ya mungu Hermesi, wa jiwe mwenye ndevu. Unakuja jua likizama, unawasha taa, unaacha sarafu ya shaba, unamnong'oneza swali lako sikioni. Kisha unaziba masikio kwa viganja, unatoka, na ukishavuka lango la soko unayazibua. Sauti ya kwanza utakayoisikia, iwe ya nani, ndiyo jibu. Mfinyanzi mmoja aliuliza kama aoe, akasikia, "Huyo anauma, msimkaribie!" Mwenye punda alikuwa akiwaonya watoto. Mfinyanzi akaoa vilevile, na kila akionekana na mkwaruzo shavuni, majirani humwambia, "Si uliambiwa!"

Timareta, msukaji wa nyavu za nywele, alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajaota jino. Huyu wa tatu alikuwa na miezi saba na hana jina. Mumewe Dameas alitaka kumpa jina la babu yake mapema, kama desturi, lakini Timareta akamsihi angoje. Wale wawili walikuwa na majina, na majina yalikuwa bado yamo nyumbani, hayana wa kuyaitikia. Kisimani wenzake walimtania, "Mama Nani, hujambo?" Akaitikia hivyo hivyo.

Sasa mtoto alikuwa na homa, anashika titi na kuliacha. Wale wengine walianza hivyo. Jioni hiyo akaenda sokoni na mama mkwe wake, Kleino. Kleino alisimama nje ya lango na mtoto mgongoni, akiwanyamazisha wapita njia kwa mkono.

"Nawe mama, usiseme kitu."

"Niseme nini? Ulimi nimeuma tangu nyumbani."

Timareta alimnong'oneza mungu, "Mwanangu ataishi?" Akaziba masikio. Ndani ya kichwa kulikuwa na mvumo tu, kama chungu kikitokota. Akavuka lango, akaondoa mikono, akasikia:

"Atakufa. Huyu naye atakufa."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa akijisemea njia nzima, hajijui.

Kleino alimkodolea macho. "Nani kakutuma kusema?"

"Sikujua kama nasema."

"Basi haihesabiki! Mtu hajijibu."

Wakarudi kumwuliza mtunza taa wa Hermesi. "Mungu hutumia mdomo wowote," akasema mzee yule, akipunguza utambi.

"Hata wangu, mimi niliyeuliza?"

"Kwani wako uko wapi, binti? Si usoni, kama wa wenzako?"

"Basi niulize tena."

"Ukirudia umemwita mungu mwongo. Ngoja kwanza mimi nisogee, ghadhabu yake isinipate."

Njiani Kleino alisema, "Hata mimi nitakufa, nawe utakufa. Hakusema lini."

"Mama, hapo unanifariji?"

"Sijui, mwanangu. Nami nimepotea."

Timareta hakuona pa kushika. Kama ilikuwa sauti ya mungu, ilikuwaje ikatoka ndani ya hofu yake? Na kama ilikuwa hofu tu, mungu alikuwa wapi? Angefumba mdomo, je, angesikia neno jingine, au neno lile lile lingetafuta mdomo wa mtu mwingine?

Nyumbani mtoto akalia. Akampa titi, kwa kuwa hakujua la kufanya. Mtoto akamng'ata. Timareta akapiga yowe, Dameas akaja mbio na viatu mkononi. Timareta akapitisha kidole kwenye ufizi: kitu kigumu, kidogo kama punje ya mtama.

"Jino," akasema. "Dameas, ana jino."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui. Mpe jina."

Akaitwa Agesia, kama babu yake. Homa ikashuka, meno mengine yakaota. Lakini tangu siku ile, kila Agesia akiumwa, au akichelewa mashambani, Timareta aliziba mdomo wake kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka homa ishuke au mwana aingie ndani. Majirani walidhani ni jino linamuuma.

Alimzika Kleino, akamzika Dameas. Akawa bibi, mgongo umepinda. Meno ya Agesia yalipoanza kung'oka kwa umri, Timareta alikuwa akimlowekea mkate kwenye divai kama mtoto, akimtazama anavyotafuna upande mmoja, na hata hapo hakujua ile sauti ya langoni ilikuwa ya nani.