Funga Mbili, Njia ya Kichwele

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kaka yangu ni mtu wa siri. Mama alikuwa akisema laiti tungechanganywa chungu kimoja, wangetoka watoto wawili wa kawaida.

Tulianza kupanda baiskeli pamoja ukubwani, baada ya daktari kumwambia kaka kuwa sukari yake haitoshi kuchomwa sindano, inataka na jasho. Barabara ya lami hatukuitaka, maana gari za huku hazina huruma na mzee aliyevaa kofia ya plastiki. Tukanunua sokoni Mwanakwerekwe baiskeli mbili za mtumba zenye magurudumu mapana ya meno. Kila Jumatatu, siku ambayo sifungui karakana yangu ya mafriji, tulitoka mjini baada ya sala ya alfajiri, lami tukaiacha Kizimbani na kuingia njia za kifusi. Kwanza mikarafuu, na pilipili manga zilizopanda juu ya miti, halafu bonde la mpunga lenye kijito, na mwisho msitu wa Kichwele wenye ile miti ya mpira iliyogemwa zamani. Huko gari hazipiti. Ukisikia mngurumo, ni wa tumbo lako.

Siku ya kwanza kabisa, shemeji yangu, mke wa kaka, alinisimamisha mlangoni kwao. "Huyu sindano anachoma kila asubuhi, na akikaa na njaa inamwangusha," aliniambia. "Wewe ndiye mwenye tende. Ukimwona anatetemeka, mtie tende mdomoni hata akikung'ata." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Toka siku hiyo mfuko wa tende na chupa ya sharubati vilikaa nyuma ya kiti changu, na kila tukifika kijitoni tulikaa tukala pamoja.

Jumatatu ninayoisema ilikuwa ya mwezi wa Shawwal, na mimi nilikuwa katika zile funga sita za sunna. Sikumwambia mtu. Marehemu baba alitulea hivyo: funga ya sunna ni siri yako na Mola wako, hata mto unaolalia usiijue. Ukikaribishwa chakula, sema nimeshakula, alhamdulillahi, maana jana si ulikula? Tulikua tukimwona akiwapita wenye kahawa namna hiyo, na tulimwona hodari sana.

Sasa nikifika kijitoni na tende, kaka ataniambia kula na wewe. Nikikataa, atajua. Nikautazama ule mfuko na chupa yake mezani alfajiri ile, nikaviacha. Nilijiambia kaka hakosi kipande cha halua mfukoni. Halua yenyewe niliwahi kuiona mara moja tu, na nilikijua hicho nilichokuwa nakifanya.

Kizimbani tulimkuta mfanyakazi mmoja wa shamba anachuma machungwa. Akatukaribisha, akatuchagulia manne makubwa. Nikawahi kusema tumeshiba, Mungu akuzidishie. Kaka naye akadakia kwa haraka kuliko mimi, "Tumeshakula, alhamdulillahi." Yule mtu akasema basi tuchukue ya njiani. Tukakataa pia. Akatutazama kama watu waliomtukana, akarudi kwenye mti wake.

Nilipaswa kusimama pale pale. Maneno yale nilikuwa nayajua ya nani.

Lakini mimi nilikuwa na langu. Sikukuu nilimsema kaka mbele ya watoto wake, aache kashata, hajifichi hata kwa aibu. Hakunijibu siku ile, na asubuhi hii alikuwa ananijibu kwa mkato: ndiyo, siyo, twende. Nikasema moyoni, kumbe amenuna. Mtu mzima na mvi zake ananuna kwa kashata. Nikakaza mwendo makusudi ili apate tabu kunifuata.

Bondeni mpunga ulikuwa umelala kwa mvua ya usiku, na hapakuwa na mtu. Siku nyingine huwakosi kina mama wakipalilia na kutaniana kwa sauti kubwa. Siku ile hata ndege hawakulia. Tulipofika kijitoni mimi sikusimama, na yeye hakuniita. Nikashukuru. Wallahi nilishukuru, nikaona siri yangu imesalimika.

Tukaingia msituni. Pale hata mchana kuna giza la ukumbini, na majani makavu yanafunika mawe. Nikasikia gurudumu lake likitoka njiani na kurudi, likitoka na kurudi. Nikageuka nimkaripie. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni, na midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

Akasimama, akashika mpini kwa mikono miwili, akaniuliza kwa upole, "Baba katangulia?"

Baba tulimzika miaka mingi nyuma, mimi na yeye tukiwa ndani ya mwanandani wa kaburi tunampokea. Hasira yote ilinitoka, na kilichoingia mahali pake sikukipenda. Nikamkalisha chini, nikampekua mifuko. Ufunguo, tasbihi, leso. Halua hamna.

"Umekula nini leo?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtoto aliyefumwa. "Nimefunga," akasema. "Usimwambie mtu."

"Na sindano?"

"Nimechoma. Angejua." Mkewe ndiye aliyekuwa akimsimamia sindano kila asubuhi. Halafu macho yakampinduka, akalala ubavu juu ya majani.

Nilimweka vizuri ubavuni, nikajaribu simu. Mtandao hakuna. Nikapanda baiskeli kuelekea kwenye moshi niliouona juu ya miti, na njia nzima nilikuwa nikijitukana kwa matusi ambayo mtu aliyefunga hayatamki. Mfuko uko mezani. Machungwa manne. Kijito nimekipita.

Nilikuta nyumba moja ya udongo, mlango umerudishwa tu. Nikapiga hodi mara tatu. Kimya. Mtu aliyelelewa anajua kwamba hodi tatu zikikosa jibu, unaondoka. Nikausukuma mlango.

Ndani alikuwamo bibi mmoja juu ya mkeka, anasali Dhuha. Alinisikia, na mimi nilijua ananisikia, lakini mwenye kusali haitikii hodi. Nikampita kwa nyuma kama mwizi, nikaingia jikoni, nikafunua makopo. Chumvi. Kunde. La tatu sukari. Nikalikumbatia nikatoka mbio naye yuko kwenye rukuu.

Kaka alikuwa pale pale nilipomwacha, na sisimizi wameshaanza kumpanda mkononi. Kwa muda sikujua kama anapumua, na sikutaka kujua. Nikachota sukari kwa kidole, nikamsugua kwenye ufizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo, nikiogopa isimpalie. Sijui nilikaa muda gani. Nilisoma kila nilichokijua, na katikati nikawa namwambia, wewe ukinifia hapa mimi nitamwambia nini mkeo?

Yule bibi akatokea na kata ya maji, kanga ya sala bado kichwani. "Nlikuona unaiba sukari yangu," akasema, "nkatoa salamu mbiombio." Akapiga magoti, akamshika kaka kichwa. Tukaendelea wawili. Kaka akaja akameza. Akaja akakohoa. Ndipo akafungua macho na kunitambua.

Akanywa maji ya sukari kata nzima, halafu akauliza neno nililokuwa nikiliogopa. "Tende leo ziko wapi?"

Ningeweza kusema zimeanguka njiani. Bibi alikuwa ananitazama. "Nimeziacha nyumbani," nikasema. "Na mimi nimefunga."

Machozi yakamtoka kaka, na hakuyafuta. "Kwa hiyo leo wewe ungerudi mjini na thawabu zako," akasema, "na mimi maiti nimefungwa kwenye kiti cha baiskeli."

Nikamwambia na yeye angejiua mwenyewe, akasema ni kweli, lakini yeye hakukabidhiwa mtu.

Mjukuu wa bibi alitutoa hadi barabarani kwa gari la ng'ombe, baiskeli zimelala juu ya nyasi. Kaka alipimwa katika zahanati, wakamwachia. Tulipokaribia mtaani kwao akanishika mkono. "Mwambie nimeteleza," akasema. "Nakuomba, mdogo wangu. Akijua, sitofunga tena maisha yangu." Alikuwa hajawahi kuniomba kitu, toka utotoni, na nilimwitikia.

Shemeji alikuwa anapepeta mchele. Aliiona sura ya mumewe, akaweka ungo chini, akaniuliza mimi, si yeye, "Alitetemeka?"

"Alianguka," nikasema. "Alikuwa amefunga na sindano kachoma, na mimi tende niliziacha makusudi." Nikamweleza yote, mpaka la machungwa. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, ananitazama mpaka nikamaliza. Halafu akaingia ndani.

Hajapanda baiskeli na mimi tena. Nikimpa salamu huitikia, na nikikaa barazani kwao hukumbuka kazi ndani. Shemeji ananiambia kila Jumatatu humkalisha mezani, akamtazama mpaka chai na mkate viishe, na kaka hula ameinamisha kichwa. Mimi njia ile naipita peke yangu. Kuna siku namkumbuka mpaka nashuka kwenye baiskeli. Lakini bora anichukie na chai ikiwa tumboni.